Yaliyokuja Baada ya Maji

Mvua za vuli za mwaka 1997 zilianza Oktoba, wakati wake, na wafugaji wa Garissa, kaskazini mashariki ya Kenya, wakazipokea kwa shukrani, kwani ukame uliotangulia ulikuwa umewamalizia mifugo mingi. Novemba ikaingia, mvua haijatua. Desemba ikaingia, bado inamwagika. Mto Tana ukavunja kingo zake ukatandaa juu ya nchi ambayo, kwa miezi mingi ya mwaka, mtu huyafuata maji kwa punda na madumu. Barabara zikakatika, na lori lililonasa kwenye tope lilibaki hapohapo.

Watu walipanda penye mwinuko. Nchi ile ni tambarare, hata mwinuko wake hupimwa kwa magoti, si kwa milima. Visiwa vya udongo vilivyosalia vilikuwa vidogo, na kila kisiwa kilibeba kila chenye pumzi: wazee, watoto, mbuzi, kondoo, punda. Mwanakondoo hastahimili mvua ya usiku kucha. Basi wapo walioingiza mifugo yao ndani, wakalala nayo chini ya paa moja. Nani angefanya vingine? Kondoo kwa mfugaji ni maziwa ya leo, karo ya muhula ujao na akiba ya siku mbaya. Humwachi nje atetemeke mpaka afe wakati wewe una paa, hata likiwa la mikeka. Naomba msomaji alikumbuke paa hilo, maana tutalirudia.

Kilichofuata kiliwapata wanyama kwanza. Kondoo wenye mimba wakazitoa, si mmoja wala wawili, bali kundi zima kwa siku chache. Wanakondoo wakafa kabla mwenyewe hajatambua kwamba wanaumwa. Wengine walitokwa damu puani, na kwa sababu hiyo wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki ya Kenya wana jina lao la maradhi haya, sandik, yaani damu ya puani. Kisha ikaja zamu ya watu. Wengi walishikwa na homa, viungo vikauma, wakalala siku kadhaa wakaamka. Wachache walitapika damu, wakafa.

Habari za vifo hivyo ziliifikia Wizara ya Afya kule Nairobi tarehe 21 Desemba. Ramadhani ilikuwa imebakiza siku kumi, uchaguzi mkuu siku nane. Serikali ilikuwa ikihangaika kusafirisha masanduku ya kura katika nchi iliyojaa maji, na mvua hiyohiyo ikachangia upigaji kura kusogezwa hadi siku ya pili. Mtu asishangae kwamba mimba za kondoo wa Garissa hazikuwa habari ya ukurasa wa kwanza.

Tena jambo lenyewe halikuwa rahisi kulitambua. Mnyama akifa ghafla huku anavuja damu, wazo la kwanza la daktari yeyote wa mifugo ni kimeta, na kimeta ndicho kilichotajwa mwanzoni. Binadamu akiwaka homa katikati ya gharika, wazo la kwanza ni malaria, na kweli malaria ilikuwa inajiandaa kuimaliza Wajir miezi michache baadaye. Mifugo nayo ilikuwa imesongamana kwenye matope ikiugua kila kitu kwa mpigo: homa ya mapafu, upele, kuoza kwato. Sampuli za damu zikasafirishwa Johannesburg, nyingine Atlanta. Jibu likarudi: Homa ya Bonde la Ufa.

Damu ya wana-Garissa ilivuka mipaka na bahari kutafutiwa jina la ugonjwa uliopewa jina hapohapo Kenya, umbali usiozidi kilomita 500 kutoka mto Tana, miaka 66 nyuma.

Ilikuwa Julai 1930. Katika shamba moja la walowezi kando ya Ziwa Naivasha wanakondoo walianza kufa, na kwa muda wa wiki nne wakafa wapatao 3,500, pamoja na kondoo majike wapatao 1,200. Kutoka maabara ya mifugo ya Kabete walikuja Robert Daubney na J. R. Hudson. Walipoipasua mizoga, wakayakuta maini yameharibika vibaya. Mtu wa tatu katika kazi ile alikuwa P. C. C. Garnham, yeye daktari wa binadamu, ambaye baadaye alipata sifa kubwa zaidi kwa kusaidia kugundua kwamba vimelea vya malaria hujificha kwanza ndani ya ini. Alihitajika kwa sababu wachungaji waliowashika kondoo wale walikuwa wakiugua homa. Muda si muda wachunguzi wenyewe wakaugua pia. Taarifa waliyoichapisha mwaka 1931 ilisema wazi katika kichwa chake kwamba haya ni maradhi mapya ya kondoo, ng'ombe na mtu.

Ndani ya uchunguzi ule mlikuwa na jambo dogo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Kondoo walipohamishwa kutoka kandokando ya ziwa na kupelekwa nyanda za juu, vifo vilikoma. Hakuna dawa iliyotumika, wala chanjo, kwa kuwa hazikuwapo. Walipandishwa tu mlima. Wachunguzi wakashuku wadudu wanaouma, na hawakukosea. Lakini tazama pia dawa hiyo inamfaa nani. Mlowezi wa Naivasha ana Kinangop juu yake. Mfugaji wa Garissa hana mlima, na mwinuko wa pekee alio nao umezungukwa na maji yaleyale yanayozaa mbu.

Mwaka 1944, katika msitu wa Semliki magharibi ya Uganda, watafiti waliokuwa wakitafuta maradhi mengine walikipata kirusi cha homa hii ndani ya mbu. Mmoja wao, Smithburn, alikipitisha kirusi katika bongo za panya kizazi baada ya kizazi mpaka kikapoa, na kufikia 1949 ikapatikana chanjo ya mifugo inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Ni ya bei nafuu, na sindano moja humkinga mnyama kwa muda mrefu. Ina kasoro moja: jike mwenye mimba akichanjwa anaweza kuitoa mimba hiyo. Mwambie mfugaji kwamba umemletea kinga ya ugonjwa unaotoa mimba, na kwamba kinga yenyewe huenda ikazitoa mimba, halafu usikilize atakujibu nini.

Bado kulikuwa na fumbo. Ugonjwa huu huja kwa kishindo, ukaua, ukatoweka miaka saba, kumi, kumi na mitano, kisha ukarudi mahali palepale kama mgeni aliyeacha begi lake. Katikati ya hapo unaishi wapi? Glyn Davies, daktari wa mifugo wa Kabete, alikaa na kumbukumbu za mvua na kumbukumbu za vifo akazilinganisha. Milipuko ya Kenya ilikuwa ya 1951 hadi 1953, 1961 hadi 1963, 1967 na 1968, 1977 hadi 1979. Kila mara, mvua zilikuwa zimenyesha mfululizo kuliko kawaida. Wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka gharika ya mwishoni mwa 1961, ile iliyolipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita mbili. Wachache wanajua kwamba nyuma ya gharika ile kondoo walikufa kwa kirusi cha Naivasha.

Jibu la fumbo lilipatikana Ruiru, hatua chache nje ya Nairobi. Huko kuna mabonde ya kina kifupi yenye nyasi ambayo wanasayansi huyaita dambo: wakati wa kiangazi ni malisho, mvua zikizidi ni madimbwi. Mwaka 1982 Kenneth Linthicum na wenzake hawakusubiri mvua. Walilijaza bonde moja maji wao wenyewe. Ardhi iliyokuwa kavu ikatoa viluwiluwi kwa maelfu, wakavikusanya, wakavilea maabara mpaka vikawa mbu. Mbu hao hawakuwahi kuuma mnyama yeyote. Walikua kutoka viluwiluwi hadi utu uzima mbele ya macho ya watafiti. Walipopimwa, baadhi yao walikuwa na kirusi. Tena waliopatikana nacho walikuwamo madume, na dume la mbu haliumi kabisa, chakula chake ni utomvu wa mimea. Basi kirusi hakikutoka kwa kondoo. Kilitoka ndani ya yai. Mama alikwisha kumrithisha mwanawe kabla hajamtaga.

Mayai ya mbu huyo wa jamii ya Aedes hutagwa kwenye udongo wenye unyevu pembeni mwa dimbwi. Dimbwi likikauka, yai halifi. Hubaki udongoni miaka, likingoja maji yatakayopanda mpaka pale lilipo na kukaa. Mvua ya kawaida haifiki. Gharika hufika. Kwa hiyo maji yanapotandaa, kizazi cha kwanza cha mbu huibuka tayari kimebeba kirusi, kikawauma ng'ombe na kondoo wa karibu. Kisha, maji yakiendelea kutuama wiki kadhaa, huja mbu wa jamii ya Culex kwa mawingu, nao huchukua kirusi kutoka kwa mifugo iliyoambukizwa wakakisambaza kila upande. Mafuriko ya siku tatu hayatoshi. Kinachohitajika ni maji yanayokaa, na katika nchi tambarare maji hayana pa kwenda.

Haya yote yalikuwa yamechapishwa mwaka 1985. Mvua za Garissa zilikuja miaka kumi na miwili baadaye.

Timu za kimataifa zilipofika Garissa mwanzoni mwa 1998 zilizunguka kwa ndege na helikopta, kwa kuwa barabara hazikuwapo, zikipima damu za watu na kuwauliza walivyoishi wakati wa mafuriko. Makadirio yaliyotoka ni kwamba katika Wilaya ya Garissa peke yake watu wapatao 27,500 waliambukizwa, na ukichanganya kaskazini mashariki ya Kenya na kusini mwa Somalia, wapatao 89,000. Wengi hawakujua hata kama wameugua kitu chenye jina. Watafiti walipotafuta kilichowatofautisha walioambukizwa na wasioambukizwa, mambo mawili yalijitokeza. La kwanza, kugusa damu na majimaji ya kondoo. La pili, kulaza mifugo ndani ya nyumba.

Lile paa la mikeka. Mwenye huruma na mali yake ndiye aliyeambukizwa zaidi.

Na hilo la kugusa damu lina maelezo yake pia, ambayo mtu wa Nairobi au Geneva huenda asiyaone upesi. Kwa Mwislamu mnyama aliyekufa mwenyewe ni nyamafu, haliwi. Kondoo anayehema kwa shida, mwenyewe hukimbilia kisu ili amchinje kabla roho haijatoka, la sivyo hasara ni ya mwili mzima mpaka ngozi. Katika gharika, wakati ghala la chakula limelowa na lori la unga limenasa, kisu hicho hukimbia zaidi. Kumwambia mtu wa namna hiyo asichinje mnyama mgonjwa ni ushauri sahihi kitabibu, lakini ni kumwambia autupe mlo wa watoto wake ndani ya maji. Ushauri huo ungemfaa kama angeletewa pia cha kula.

Hasara haikuishia kisiwani. Februari 1998 Saudi Arabia ilifunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika. Kwa msomaji wa pwani hili si geni: kila mwaka kabla ya Hija, kondoo na mbuzi kwa mamia ya maelfu huvushwa kutoka Berbera na Bosaso hadi ng'ambo ya Bahari ya Shamu, na fedha yake ndiyo damu ya uchumi wa Somalia. Mlango ulifunguliwa mwaka uliofuata. Septemba 2000 ugonjwa wenyewe ukalipuka Jizan nchini Saudi Arabia na upande wa Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya bara la Afrika na visiwa vyake, na mlango ukafungwa tena, safari hii hadi 2009. Mfugaji ambaye hakuwahi kumwona kondoo mgonjwa alikaa miaka tisa akiuza mali yake kwa bei ya kutupa kwa sababu ya mvua iliyonyesha mahali pengine.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwaka 1999 Linthicum yuleyule wa Ruiru, pamoja na Assaf Anyamba na wenzao, walionyesha kwamba dalili ya sandik iko mbali zaidi ya mawingu. Iko baharini. Waliposoma joto la maji ya Pasifiki na la Bahari ya Hindi upande wetu, na kijani cha majani kama kinavyoonekana kutoka kwenye setilaiti, wakalinganisha na milipuko ya Kenya tangu 1950, waligundua kwamba tishio linaweza kujulikana hata miezi mitano kabla. Bahari zote mbili zikipata joto kwa pamoja, Afrika Mashariki hupata mvua kubwa. Nyika ikibadilika rangi kupita kawaida, mayai yameanza kulowa. Kwa mara ya kwanza mfugaji angeweza kuhamishwa, au kundi lake likachanjwa, kabla ya tone la kwanza la hatari. Kwa nadharia.

Nadharia ilijaribiwa 2006. Bahari zikapata joto. Kuanzia Septemba wanasayansi walitoa tahadhari, na Novemba Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likaitangaza kwa nchi za Pembe ya Afrika. Mvua zilikuwa tayari zinanyesha tangu Oktoba. Mgonjwa wa kwanza wa Garissa aliugua tarehe 30 Novemba. Maabara ikathibitisha tarehe 21 Desemba, siku ileile ya mwezi uleule ambao, miaka tisa nyuma, habari za kwanza zilifika wizarani. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayouma. Siku kumi baadaye ilikuwa Idd el-Hajj, sikukuu ya kuchinja.

Chanjo za mifugo zilianza Januari 2007. Wakati huo ugonjwa ulikwisha kuondoka Garissa na Ijara ukafika hadi Baringo na Kilifi, na tarehe 13 Januari ukaanza kuhesabiwa Tanzania, ambako mkoa wa Dodoma uliumia kuliko mikoa mingine yote. Shirika la Afya Duniani lilipofunga hesabu lilikuwa na wagonjwa 684 na vifo 155 kwa Kenya, 114 na 51 kwa Somalia, 264 na 109 kwa Tanzania. Hizo ni hesabu za waliofika mahali pa kuhesabiwa.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuchinja na kusafirisha mifugo katika maeneo yaliyoathirika, na masoko yakafungwa. Wachumi wawili waliofuatilia fedha zilivyopotea walifika jumla ya shilingi bilioni 2.1 za Kenya. Hesabu hiyo haimhusu mfugaji peke yake. Wamo dalali wa mnadani, mpakiaji anayesukuma ng'ombe kuingia kwenye lori, dereva, mchinjaji, mwenye bucha, mama anayeuza supu ya kichwa asubuhi. Mijini watu waliikimbia nyama nyekundu wakahamia kuku na samaki. Mpakiaji hulipwa kwa ng'ombe aliyempandisha. Soko likifungwa, hapokei hata senti, na hakuna afisa anayekuja kumhesabia hasara, kwa sababu hakuna mzoga wa kuonyesha.

Baada ya hayo likafanyika jambo ambalo lingefaa kufanyika mwaka 1931. Watafiti wa mifugo, miongoni mwao wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi, waliwaendea wafugaji wa kaskazini mashariki na wa Tanzania, wakawakalisha chini, wakawauliza: mvua kubwa zilianza lini? Mbu wa ajabu mliwaona lini? Kondoo wa kwanza alitoa mimba lini? Mtu wa kwanza aliugua lini? Na sisi tulikuja lini?

Wafugaji wa Kisomali walijibu kwa usahihi uliowashangaza waulizaji. Kwa wastani, tangu mvua kubwa zianze hadi mbu wafurike zilipita wiki tatu na siku chache. Tangu mbu hadi mnyama wa kwanza kushukiwa, zaidi kidogo ya wiki mbili. Tangu mnyama huyo hadi binadamu wa kwanza, tena wiki mbili na nusu hivi. Na tangu mnyama huyo wa kwanza hadi idara ya mifugo iingie kazini, karibu miezi miwili.

Mimi sioni takwimu nyingine katika historia nzima ya ugonjwa huu inayosema zaidi ya hiyo. Setilaiti ilijua. Mfugaji alijua, na alikuwa na jina la ugonjwa mdomoni mwake tangu siku ya kwanza. Katikati yao palikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa inasubiri cheti cha maabara. Si kwamba waliokuwa ofisini walikuwa wavivu. Gari la idara halina mafuta, bajeti ya dharura haifunguki mpaka dharura itangazwe, na dharura haitangazwi mpaka maabara ithibitishe, na maabara haithibitishi mpaka sampuli ifike, na sampuli haifiki kwa sababu barabara iko chini ya maji. Kila kiungo cha mnyororo huo kina sababu yake nzuri. Ukivijumlisha vyote unapata miezi miwili.

Kutokana na mahojiano yale ILRI, FAO na maofisa wa nchi husika walitengeneza mwongozo wa maamuzi ambao uliyapanga matukio kwa mfuatano, kuanzia tahadhari ya mapema ya hali ya hewa, mvua kubwa, mafuriko, mbu kufurika, mifugo kuugua, hadi binadamu kuugua na soko kufungwa, na kwa kila tukio ukasema la kufanya palepale bila kungoja linalofuata. Tahadhari ikitoka, hesabu chanjo na magari. Mvua ikizidi, chanja wakati barabara bado zinapitika. Mbu wakifurika, acha kuchanja, kwa sababu sindano inayopita kutoka mnyama mmoja hadi mwingine inaweza kukisambaza kirusi badala ya kukizuia. Anayetoa habari kwamba mbu wamefurika hawezi kuwa mtu mwingine ila mfugaji. Hapo ndipo neno lake lilipoandikwa kwa mara ya kwanza kama sehemu ya mpango badala ya kuwa hadithi ya baadaye.

Mwaka 2012 Kenya ilizindua kitengo kinachowaweka daktari wa binadamu na daktari wa mifugo katika ofisi moja kushughulikia maradhi yanayovuka kutoka kwa wanyama, kama walivyofanya Daubney, Hudson na Garnham kwa kulazimishwa na hali. Ugonjwa ulirudi Wajir katikati ya 2018, baada ya masika yaliyopitiliza, ukaonekana pia Marsabit na Siaya. Haukufika kiwango cha 1997 wala cha 2006.

Shida ya chanjo haijaisha. Ugonjwa hukaa kimya miaka hata kumi, na chupa ya chanjo haina uhai wa namna hiyo kwenye jokofu. Kiwanda hakitengenezi dozi milioni ambazo hakuna anayezinunua. Mwaka wa saba wa ukimya, mfugaji mwenye shilingi chache atazitoa kwa dawa ya kupe, maana kupe anamwona. Kuna chanjo mpya zaidi, kama ile ya Clone 13 iliyoanza kutumika Afrika Kusini 2010, zilizotafutwa ili kuepuka lile balaa la kutoa mimba. Lakini chanjo bora isiyokuwapo siku ya tahadhari ni sawa na ile mbaya isiyokuwapo.

Vuli ya 2023 bahari zilipata joto tena, na tahadhari zikatoka mapema. Tana ikavunja kingo, ikarudia masika ya 2024, na barabara ya Garissa ikakatika pale Madogo watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Watu walipanda penye mwinuko, visiwa vilevile vya udongo, pamoja na kondoo wao. Homa haikulipuka Garissa kama mwaka 1997. Maji yalipopungua yaliacha madimbwi pande zote mbili za mto, yakakaa wiki nyingi kabla ya jua kuyamaliza, na pembeni mwake, kwenye udongo uliobaki na unyevu, mbu wakataga.